Mapenzi ya Mungu na Kilio cha Mja: Dhana ya Kadari katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Panapotokea msiba katika jamii za Waswahili, na hata miongoni mwa Wakenya wengine wanaokitumia Kiswahili kufarijiana, kuna kauli ambazo hutangulia nyingine zote. Aliyefiwa huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Huambiwa kwamba hayo ni mapenzi yake Mola, kwamba liandikwalo ndilo liwalo, na kwamba subira huvuta heri. Kauli hizi zimezoeleka mno, kiasi kwamba ni nadra mtu kusita na kuuliza zinasema nini hasa. Je, anayesema kwamba kifo fulani ni mapenzi ya Mungu anaeleza sababu ya kifo hicho, au anafanya jambo jingine tofauti kabisa? Na je, kauli hiyo huwa na maana ile ile hata itokapo katika vinywa tofauti?

Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo kwa kuichunguza lugha ya msiba, kisha kuzisoma kazi kadhaa za fasihi ya Kiswahili zilizoishughulikia mada ya mateso na majonzi. Hayakusudii kuhukumu baina ya dini na dini, wala kuamua suala la kadari ambalo wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika matumizi bora ya Kiswahili na katika kazi teule za fasihi yake, kukubali mapenzi ya Mungu ni tendo la yule anayeumia. Ni neno lake yeye, analolifikia kwa wakati wake, mara nyingi baada ya kulia, kulalama na kuomba. Neno hilo hilo linapochukuliwa na mtu mwingine na kutumiwa kueleza kwa nini mwenzake anateseka, hupoteza maana yake; na likitumiwa na aliyeyasababisha mateso hayo, huwa ni ngao ya kujikinga na lawama.

Lugha ya msiba

Kiswahili kina msamiati mpana wa kuzungumzia uwezo wa Mungu juu ya maisha ya binadamu. Neno kudura, lenye asili ya Kiarabu, linahusu nguvu na uwezo. Kadari, linalotokana na mzizi uo huo, linabeba dhana ya kipimo: kila kiumbe amepimiwa umri wake na riziki yake. Majaliwa ni yale ambayo Mungu amemjalia mja wake. Mapenzi nalo ni neno la Kibantu, linalotokana na kitenzi kupenda.

Maneno haya hayabadilishani nafasi ovyo. Chukua kitenzi kujaliwa. Husemwa kwamba fulani amejaliwa mtoto, amejaliwa afya au amejaliwa sauti nzuri. Hakuna msemaji mzoefu wa Kiswahili atakayesema kwamba fulani amejaliwa ajali au amejaliwa saratani. Kwa mabaya, lugha hugeuza mkondo: mtu hufikwa na msiba, hupatwa na ajali, hushikwa na maradhi. Katika miundo hii baya ndilo linalomjia mtu, na lugha haimtaji aliyelituma. Hata neno msiba lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jambo linalompata mtu. Kwa hiyo, ingawa Mswahili huamini kwamba hapana litokealo nje ya uwezo wa Mungu, sarufi yake husita kumfanya Mungu mtendaji wa moja kwa moja wa kila baya.

Kitenzi kufiwa kinaonyesha hilo kwa uwazi zaidi. Kutokana na kufa, lugha imeunda kauli ya kutendea na kutendwa kwa pamoja, ili kumtaja yule ambaye kifo kimemgusa. Anaposema, "Amefiwa na mamake," msemaji humweka aliye hai katika nafasi ya kiima. Marehemu ametajwa, lakini sentensi ni ya yule aliyebaki. Kifo kimetazamwa kwa macho ya aliyeondokewa. Aidha, neno kufariki hubeba asili ya kutengana, na marehemu ni aliyerehemewa. Maneno haya yanasema kuhusu kuachana na kuhusu rehema. Hayaelezi kwa nini.

Lililo la ajabu zaidi ni neno mapenzi. Katika matumizi ya kila siku, mapenzi ni mahaba au huba. Katika dini, na hususan katika Biblia ya Kiswahili, neno hili hutumiwa kwa maana ya atakalo Mungu, na kila Mkristo asemaye Sala ya Bwana kwa Kiswahili hulitamka. Kiswahili kilikuwa na neno matakwa, linalotokana na kutaka, ambalo lingeweza kuibeba maana hiyo bila utata. Hata hivyo, mapenzi ndilo lililotia mizizi. Matokeo yake ni kwamba msemaji wa Kiswahili hawezi kutaja atakalo Mungu bila ya kusikia mwangwi wa upendo. Kwa mwenye imani, huu ni utajiri: atakalo Mungu na pendo lake havitengani. Kwa aliyefiwa na mtoto usiku wa kuamkia leo, utajiri huo huo waweza kuwa mzigo, kwa kuwa anaambiwa kwamba lililomvunja moyo limetoka katika mapenzi. Hapa ndipo tatizo linaloshughulikiwa na makala haya linapoanzia.

Ayubu na rafiki zake

Kisa cha mtu mwema anayeteseka bila kosa kinajulikana katika Uislamu na katika Ukristo kwa jina la Ayubu. Katika fasihi ya Kiswahili, kisa hiki kilitungiwa utendi ambao Alice Werner aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika mapokeo ya Kiislamu ambayo ndiyo chimbuko lake, Ayubu hupoteza mali, watoto na afya, na hubaki na mkewe, Rahma, anayemtunza na kumtafutia chakula katika ufukara. Ayubu amekuwa kielelezo cha subira, na jina lake hutajwa kila inapotakiwa kumwambia mtu avumilie.

Hata hivyo, kielelezo hicho mara nyingi husomwa nusu. Kurani, katika sura ya 21, inamwonyesha Ayubu akimwita Mola wake na kumweleza kwamba dhara limemgusa. Hakukaa kimya. Subira yake ilikuwa na sauti, na sauti hiyo ilijibiwa kwa kuondolewa dhara. Vivyo hivyo katika sura ya 12, Nabii Yakubu anayesifiwa kwa subira njema ndiye huyo huyo aliyelia kwa ajili ya Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe, na aliyewaambia wanawe kwamba huzuni yake anaishitakia kwa Mungu. Wafasiri hawakuona mgongano hapo. Kulia mbele ya Mungu hakukuhesabiwa kuwa ni kumkataa Mungu.

Kitabu cha Ayubu katika Biblia nacho kinakwenda mbali zaidi. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na kudai apewe nafasi ya kujitetea mbele ya Mungu. Rafiki zake watatu wanapofika, wanaketi naye chini kwa siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa wanaona uchungu wake ni mkubwa. Hadi hapo wamefanya lile ambalo Waswahili hulifanya katika matanga: kukaa chini, kwenye mikeka, na mfiwa. Wanaharibu wanapofungua vinywa. Wanaanza kueleza. Wanamwambia kwamba Mungu haadhibu bure, kwamba lazima kuna dhambi aliyoificha, na kwamba akitubu atarejeshewa. Hoja zao ni za watu wa dini na zimepangwa vizuri. Ajabu ni kwamba mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu mlalamikaji.

Fundisho la kisa hiki kwa mwanafunzi wa fasihi ni kubwa. Rafiki wa Ayubu walikuwa wakisema kuhusu Mungu. Ayubu alikuwa akisema na Mungu. Walitoa maelezo, naye alitoa kilio. Kitabu kizima kimeelekea upande wa kilio. Tena, Ayubu mwenyewe hapewi sababu ya mateso yake hata pale Mungu anapozungumza naye. Msomaji ameambiwa kuhusu jaribio la Shetani, ila Ayubu haambiwi kamwe. Anayafikia makubaliano na Mola wake bila ya maelezo.

Mwana Kupona: maradhi, radhi na dua

Katika mwaka wa 1858, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo aghalabu husomwa kwa jicho la jinsia, na wahakiki wengi wamejadili nasaha zake kuhusu utiifu wa mke kwa mume. Mjadala huo ni halali. Lakini kuna jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha: utendi huu ni kazi ya mgonjwa. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Masultani wa Zanzibar, alikuwa amefariki miaka miwili hivi awali. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa ameugua, na katika beti za mwanzo anaeleza kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima.

Anachokifanya mama huyu ni cha kuzingatiwa. Kwanza, hafichi hali yake. Analitaja gonjwa lake na urefu wake. Pili, hakai kuyangoja yaliyoandikwa. Anamwita bintiye aje na wino na karatasi, na kuifanya siku aliyobakiwa nayo kuwa siku ya kazi. Tatu, sehemu ya mwisho ya utendi inageuka kuwa dua ndefu. Anajiombea, anawaombea wanawe na jamaa zake, na kumsihi Mola amwondolee yanayomsibu. Mtu ambaye kwake kadari ingekuwa mlango uliofungwa asingeomba dua ya kupona. Huomba yule anayeamini kwamba mapenzi ya Mungu yana nafasi ya kusikia.

Hapa dhana ya radhi inajitokeza. Kuwa radhi na Mungu, kwa mujibu wa utendi huu, si kuacha kutaka. Mwana Kupona anataka: anataka afya, anataka wema kwa mtoto wake, anataka husuni dhidi ya maovu. Anayakabidhi matakwa yake yote kwa Mungu, na hilo ndilo radhi. Muundo huo unafanana na wa sala ya Yesu bustanini Gethsemane kama ilivyosimuliwa katika Injili: kwanza anaomba kikombe kimwepuke, ndipo anakubali la Baba yake litendeke. Mpangilio huo una maana. Anayeruka ombi na kukimbilia kukubali huwa ameuruka uchungu wenyewe.

Moyo wa mshairi: Al-Inkishafi na "Amina"

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya Pate ilipokuwa imeporomoka. Majumba yaliyojaa mataa na watumwa sasa yamekuwa makao ya popo na ndege. Watu mashuhuri wamelazwa katika ardhi. Ni utenzi wa msiba, ila msiba wake ni wa mji mzima.

Kinachotofautisha kazi hii na mahubiri ya kawaida ni nafsi inayoambiwa. Mshairi hauhutubii umma wa Pate kuutajia dhambi zake. Anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauuliza moyo kwa nini hauzinduki ilhali umeyaona hayo yote. Kwa maneno mengine, maonyo makali kuhusu amri ya Mungu yanaelekezwa ndani. Mshairi anadai kwake yeye lile ambalo rafiki wa Ayubu walilidai kwa mwenzao. Hiyo ndiyo sababu utenzi huu, pamoja na ukali wake wote, haumdhalilishi msomaji aliyefiwa. Msomaji anasikia mtu akijisuta, na akitaka anaweza kuungana naye.

Karne moja baadaye Shaaban Robert (1909-1962) alifiwa na mkewe, Amina, na kumtungia shairi lenye jina hilo. Shaaban Robert alikuwa mcha Mungu na kazi zake nyingi zimejaa maadili ya kidini. Mtu angetarajia kwamba katika shairi hili angetoa mawaidha juu ya kadari. Hakufanya hivyo. Anazungumza na Amina. Anamfananisha na ua lililofumba baada ya kuchanua, anamwombea kukubaliwa peponi, na kuthibitisha kwamba mapenzi waliyoyafunga hapana awezaye kuyafungua. Itazame nafasi ya neno mapenzi hapa. Mbele ya kifo, mshairi amelitumia kwa maana ya fungamano la watu wawili, na ameliona kuwa imara kuliko mauti. Mungu yumo shairini, maana ndiye anayeombwa, lakini hakuna ubeti unaompa Mungu lawama wala unaomtafutia Mungu sababu. Kwa njia hii shairi linatatua, bila ya kubishana, ule utata wa neno mapenzi uliotajwa awali: pendo la binadamu kwa maiti wake halishindani na atakalo Mungu. Kumlilia mpenzi ni sehemu ya ibada.

Dhiki itokayo kwa binadamu

Hadi hapa mifano imehusu maradhi, mauti na kuporomoka kwa mji. Lakini sehemu kubwa ya mateso ya watu husababishwa na watu. Je, nayo ni mapenzi ya Mungu?

Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa "Kenya: Twendapi?" ulioikosoa serikali. Mashairi aliyoyatunga kizuizini yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mshairi huyu ni Mwislamu aliyekulia katika mapokeo ya ushairi wa kidini wa Mombasa, na mwaka 1971 ulichapishwa utenzi wake juu ya maisha ya Adamu na Hawaa. Imani yake haina shaka. Hata hivyo, katika diwani yake hajiambii kwamba kufungwa kwake ni amri ya Mungu na basi. Anawasuta waliomfunga, anaishikilia kauli yake, na katika shairi la "Siwati" anakataa kuuacha msimamo wake. Subira yake ni ya kustahimili gereza, wala haifiki hadi kuiita dhuluma kwa jina la haki. Amepambanua kati ya lile ambalo mja hulipokea kutoka kwa Mola wake na lile ambalo mja hutendewa na mja mwenziwe.

Upambanuzi huu una uzito mkubwa katika historia ya Kenya. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi, na watu 272 wakafa maji. Katika maombolezo ya watu hao, familia zilikuwa na kila haki ya kutamka kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Kwa vinywa vyao, kauli hiyo ilikuwa njia ya kuyakabidhi maisha ya wapendwa wao kwa Mwenye kuyatoa. Lakini kauli iyo hiyo isingekuwa na maana iyo hiyo kinywani mwa aliyehusika na kupakia abiria au kukagua chombo. Kwake yeye ingekuwa sawa na kumsingizia Mungu. Kivuko kikijazwa watu, fizikia ya maji haihitaji wahyi kueleza kilichotokea.

Vivyo hivyo wakati ugonjwa wa Ukimwi ulipoanza kuenea, si haba waliosema kwamba ni pigo la Mungu kwa wazinifu. Hayo yalikuwa maneno ya rafiki wa Ayubu yaliyofufuliwa. Yalipingwa na watoto wachanga waliozaliwa na virusi, ambao hawakuwa na uzinifu wa kuulizwa. Injili ya Yohana, katika sura ya 9, inasimulia namna wanafunzi walivyomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu fulani akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Jibu lilikuwa kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mnamo 1999 Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya, na watu wakaanza kulitazama gonjwa hilo kama jambo la kukabiliwa kwa tiba, elimu na huruma. Haiwezekani kujua ni wagonjwa wangapi waliokufa wakiwa wamefichwa katika vyumba vya nyuma kwa sababu ya aibu iliyotokana na maelezo yale.

Mfano wa karibuni zaidi ni ule wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Kwa mujibu wa mashtaka, waumini walishawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huko kauli ya mapenzi ya Mungu haikuja baada ya msiba ili kuliwaza. Ilitangulia msiba na kuuzaa. Msomi wa lugha hawezi kudai kwamba jambo hili halimhusu, maana chombo kilichotumiwa kilikuwa lugha: maneno yale yale ya subira, majaribu na kujitoa ambayo yamejaa katika nyimbo na dua za watu wema.

Swali la Kazimoto

Kuna fasihi ya Kiswahili ambayo haikubali faraja hata kidogo. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi amemsawiri Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandamwa na misiba na kuifikia hali ya kukata tamaa. Dada yake, Rukia, anaharibiwa maisha na Manase, kijana msomi mwenye cheo, na hatimaye anakufa. Kazimoto anauhoji uwepo wa Mungu na maana ya maisha, na mwisho anajiua.

Wahakiki wengi wameiita riwaya hii ya udhanaishi, na wengine wameitupa kwa madai kwamba inapotosha. Lakini msomaji mwenye imani ana la kujifunza kwake. Chanzo cha kifo cha Rukia katika riwaya kinajulikana. Ni Manase. Kilichokosekana katika ulimwengu wa Kazimoto ni mtu wa kukaa naye chini, wa kuyataja maovu ya Manase kwa jina lake, na wa kumwacha alie bila kumharakisha. Riwaya inaonyesha kinachompata mtu anapobaki na maswali peke yake. Hivyo basi, jibu la Kichwamaji halipatikani kwa kumkemea Kazimoto kwa kuuliza. Ayubu naye aliuliza. Tofauti ni kwamba Ayubu alikuwa na wa kumuuliza, na alipewa nafasi ya kuuliza hadi mwisho.

Jitihada na kudura

Huenda mtu akapinga kwamba methali za Kiswahili zinafundisha kukata shauri mapema. Jitihada haiondoi kudura, husema wahenga. Ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini wahenga hao hao wamesema kwamba tahadhari ni kabla ya hatari, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkusanyo wa methali ni kama kikao cha wazee: kila mmoja ana la kusema, na hekima ni kujua lipi lisemwe lini. Methali za kudura huwafaa watu baada ya tukio, wanapojilaumu kwa yale ambayo hawangeweza kuyazuia. Methali za tahadhari ni za kabla ya tukio. Anayezipindua, akataja kudura kabla ya kufanya jitihada, amezitumia vibaya zote mbili.

Mapokeo ya Kiislamu yamehifadhi kisa kinachoieleza hoja hii vyema. Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham katika karne ya 7, alipata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Kwa Umar, akili ya kukwepa maradhi nayo ilikuwa imo katika kipimo cha Mungu. Ndiyo maana anayempeleka mtoto hospitalini na anayemwombea hawapingani, na mama aliyefanya yote mawili kisha akampoteza mtoto huyo hapaswi kuulizwa ni lipi lililopunguka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kauli ya mapenzi ya Mungu haiwezi kufasiriwa pasipo kumtazama msemaji wake. Kwa aliyefiwa, ni neno la kukabidhi, na thamani yake hutokana na kwamba limetoka kwake. Kwa jirani aliyekuja kuhani, ni neno la kuungana na mfiwa, nalo hufaa tu likiandamana na kukaa, kupika, kuchota maji na kunyamaza. Kwa anayeeleza mateso ya mwingine, huwa ni hukumu. Kwa aliyeyasababisha, huwa ni hila.

Matokeo ya uchanganuzi huu kwa mwanafunzi na mhadhiri wa fasihi yako wazi. Ni mazoea, katika insha nyingi za darasani, kuandika kwamba mtunzi fulani anaamini kadari, na kuiacha hoja hapo. Hilo halitoshi. Inafaa kuuliza ni nani katika kazi hiyo anayeitaja amri ya Mungu, anamwambia nani, kabla au baada ya tukio, na kauli yake inamwachia msikilizaji nafasi ya kufanya nini. Kwa maswali hayo, Mwana Kupona hawezi tena kusomwa kama mtu aliyeinamisha kichwa tu, wala Abdilatif Abdalla kama aliyeiacha dini gerezani, wala Shaaban Robert kama mtoa mawaidha asiyejua uchungu.

Maswali hayo yana faida nje ya darasa pia. Kila mwenye kukisoma Kiswahili atatakiwa, siku moja, kuingia katika nyumba ya msiba na kuonekana kama mtu wa maneno. Atatarajiwa aseme. Lugha yake imemwekea neno fupi linaloweza kumtosha, nalo ni pole. Neno hilo halidai kujua siri ya Mungu. Linakiri tu kwamba mwenzake ameumia, na linamtakia apoe. Yaliyosalia, pamoja na lile neno kubwa la kukubali, ni ya mfiwa mwenyewe kuyasema atakapokuwa tayari.